Saa za kuanzishiwa uchungu zihesabiwe vizuri

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumze na familia zinazosubiri mtoto wa kwanza, hasa zile ambazo zimeambiwa kwamba mama ataanzishiwa uchungu, yaani utaletwa kwa dawa au kifaa badala ya kungoja uje wenyewe. Habari hiyo ikifika nyumbani huzua hofu kubwa, na hofu hiyo huzaa mambo mawili nje ya leba: ndugu wanaodai upasuaji kabla muda haujafika, na ndugu wanaopenyeza kikombe cha mizizi "kumsaidia mtoto wetu". Yote mawili yanatokana na hesabu ya saa. Familia huhesabu tangu kidonge cha kwanza. Mkunga huhesabu uchungu wenyewe tangu njia, yaani mlango wa kizazi, ifunguke kufikia sentimita 5. Kati ya hapo na hapo, kwa mzazi wa kwanza ambaye mlango wa kizazi bado mgumu, panaweza kupita mchana na usiku, pengine siku mbili, na hakuna kilichoharibika.

Tuanze na tarehe, maana makosa mengi huanzia huko. Sababu ya kawaida ya kuanzisha uchungu ni mimba kupitiliza, na Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri uanzishwe pale inapojulikana kwa hakika kwamba mimba imetimiza wiki 41, yaani siku 7 baada ya tarehe ya makadirio. Hakika hiyo inatoka wapi? Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki hupatikana kwa kuchukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kuongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3. Hedhi iliyoanza 10 Januari inaleta 17 Oktoba. Lakini hesabu hiyo humchukulia kila mwanamke kuwa na mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 ataambiwa ana wiki 41 kumbe ana 40. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango na kushika mimba kabla hedhi haijatulia anaweza kukosewa zaidi ya hapo.

Ultrasaundi hurekebisha jambo hili, ila ile ya mapema. WHO linataka angalau moja kabla ya wiki 24. Iliyopigwa miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache, wiki hivi ikizidi sana. Iliyopigwa mwezi wa nane au wa tisa inaweza kukosea hata wiki 3, kwa sababu wakati huo watoto wameshatofautiana kwa ukubwa na mashine inasoma ukubwa, haisomi umri. Mama akija na karatasi tatu zenye tarehe tatu, tunashika ya kwanza. Kwa hiyo karatasi hiyo iambatanishwe na kadi, isiachwe sandukuni nyumbani.

Kuna anayeuliza kwa nini mtoto asiachwe atoke mwenyewe. Kondo la nyuma huchoka, maji hupungua, na hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda kadiri wiki zinavyozidi 41. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 nchini Uswidi uliwalinganisha wanawake walioanzishiwa wiki ya 41 na waliosubiri hadi wiki ya 42. Ulisitishwa kabla ya wakati, kwa sababu katika kundi la kusubiri watoto 6 walikuwa wamefariki na katika kundi la kuanzishiwa hakuna hata mmoja. Sababu nyingine ni presha ya ujauzito, yaani 140/90 na kuendelea baada ya wiki ya 20, hasa ikiambatana na protini kwenye mkojo, chupa ya uzazi (mfuko wa maji yanayomzunguka mtoto) kupasuka mimba ikiwa imetimia na uchungu hauji, kisukari, au mtoto kuacha kukua. Uchovu wa mwezi wa tisa ni wa kweli kabisa, lakini si sababu.

Sababu ikishakubalika, hupimwa mlango wa kizazi. Hapa ndipo familia ingesikiliza kwa makini kuliko mahali pengine popote, na ndipo tunapoeleza kidogo mno. Vidole huangalia mambo matano: mlango umefunguka kiasi gani, umefupika kiasi gani, ni mgumu au laini, umeelekea nyuma au mbele, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Kila jambo hupewa alama kwa mfumo alioutoa daktari Edward Bishop mwaka 1964, jumla ya juu ikiwa 13. Chini ya 6 mlango haujaiva. Mlango mbichi ukiguswa ni mgumu kama ncha ya pua. Ulioiva ni laini kama mdomo. Wazazi wengi wa kwanza huanza na alama chache, na kazi ya siku ya kwanza ni kuuivisha mlango tu. Mtu akiambiwa "bado sentimita 1" baada ya muda wa saa kumi asidhani dawa imegoma. Huenda mlango ulikuwa mrefu na mgumu asubuhi, na sasa ni mfupi na laini. Sentimita hazionyeshi hilo, alama zinaonyesha. Ulizeni alama.

Dawa inayotajwa zaidi ni misoprostoli, na ndiyo inayoogopwa zaidi. Woga huo una haki kwa jambo moja: kipimo. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200. Dozi ya kuanzisha uchungu mimba ikiwa imetimia ni mikrogramu 25, sehemu moja ya nane ya kidonge. Vidonge vitatu vya 200 kwa mkupuo ni dozi ya kuzuia damu kwa mama aliyekwisha kujifungua, mahali ambapo sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, haipo. Jirani akisimulia kwamba yeye "alipewa vitatu", huenda anasema kweli, ila alipewa baada ya mtoto kutoka. Anayevinunua dukani na kuvimeza nyumbani ili "awahi" anajipa mara nyingi ya kipimo mtoto akiwa bado ndani.

Kukata kidonge kwa wembe vipande 8 hakutoi vipande sawa. Kimoja kinakuwa pungufu, kingine kinakaribia maradufu, kingine kinasagika kuwa unga mezani. Wodini njia safi ni kidonge kilichotengenezwa kikiwa na mikrogramu 25, au kuyeyusha kidonge kimoja cha 200 katika mililita 200 za maji safi, mama akanywa mililita 25 kila baada ya saa 2. Chupa ya dawa hutikiswa kila mara kabla ya kumimina, kwa sababu unga hutuama chini na dozi za mwisho zikawa kali kuliko za mwanzo. Kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Ikiwekwa ukeni ni mikrogramu 25 kila saa 6. Kidonge kilichotolewa kwenye karatasi yake na kukaa wazi kwenye unyevu hupoteza nguvu. Mama anaweza kutetemeka, kupata joto, kichefuchefu au kuharisha. Hayo ni ya dawa, ila homa isipuuzwe kama chupa ya uzazi imepasuka muda mrefu.

Njia ya pili ni puto. Katheta ya Foley, mpira uleule wa mkojo, hupitishwa kwenye mlango wa kizazi kisha puto lake hujazwa maji yaliyotakaswa, mililita 30 hadi 80. Puto haliamshi mikazo mikali. Hukandamiza mlango ufunguke polepole. Likidondoka lenyewe ni habari njema, njia imefika sentimita 3 au 4. Tunasema hili kwa sababu wapo ndugu wanaoona mpira umetoka wakaanza kulaumiana kwamba mgonjwa ameuvuta.

Utafiti uliofanyika kwenye hospitali za umma nchini India na kuchapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha wanawake wenye presha ya ujauzito: waliopewa misoprostoli ya kunywa na waliowekewa puto. Waliojifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24 walikuwa asilimia 57 kwa misoprostoli na asilimia 47 kwa puto. Tazama namba hizo kwa upande wa pili. Hata kwa njia iliyofanya vizuri zaidi, zaidi ya wanne katika kila kumi hawakuwa wamejifungua kawaida siku moja ilipoisha. Shemeji anayepiga simu kila saa kuuliza "bado?" angesomewa namba hizo kwanza.

Dripu ya uchungu huja mlango ukishaiva, na isiwekwe kabla ya kupita angalau saa 4 tangu dozi ya mwisho ya misoprostoli, maana dawa mbili zikikutana kizazi hujikaza kupita kiasi. Mahali pasipo na mashine ya kuhesabu dripu, utaratibu wa kawaida ni uniti 2.5 za oksitosini katika mililita 500 za maji, kuanzia matone 10 kwa dakika na kuongeza matone 10 kila dakika 30, hadi mikazo ifikie mitatu ndani ya dakika 10, kila mmoja ukidumu zaidi ya sekunde 40. Hapo hakuongezwi tena. Ndugu anayechezea kile kigurudumu cha mpira wa dripu ili matone yaende mbio, na wapo, anaweza kumuua mtoto ndani ya dakika chache.

Oksitosini ina tabia yake. Hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Ikilala kabatini kwenye joto, au umeme ukikatika na jokofu likawa kabati, nguvu hupungua bila dalili ya kuonekana kwa macho. Matone yanapandishwa, mikazo haiji, na lawama inaangukia kizazi cha mama. Viongozi wa vituo wakitaka kupunguza uanzishaji unaoshindikana waanzie na kipimajoto cha jokofu hilo. Jambo lingine: maji ya sukari mengi yakichanganywa na oksitosini nyingi kwa saa nyingi hupunguza chumvi ya damu, na mama anaweza kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege linalofanana na kifafa cha mimba. Ndiyo maana tunapendelea maji ya chumvi.

Kupasua chupa kwa kifaa husaidia dripu ifanye kazi, ila kichwa kiwe kimeshuka na kukaa sawasawa. Kichwa kikiwa juu, maji yakitoka kwa kasi kamba ya kitovu cha mtoto inaweza kutangulia, na hapo ni kukimbilia chumba cha upasuaji. Kwa mama anayeishi na VVU kupasua chupa mapema huepukwa.

Sasa hatari yenyewe. Mikazo ikizidi mitano ndani ya dakika 10, au mkazo mmoja ukigoma kuachia, mtoto hukosa nafasi ya kupata hewa, kwa kuwa damu hupita vizuri kwenye kondo kizazi kikilegea. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na husikilizwa kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, kisha kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Msindikizaji mwenye simu anaweza kuhesabu mikazo: aweke mkono juu ya tumbo, ahesabu mingapi imekuja ndani ya dakika 10. Akipata sita, amwite mkunga, asiogope kuonekana msumbufu. Kinachofanyika hapo ni kufunga dripu, kumlaza mama ubavu wa kushoto, kusikiliza mtoto, na ikibidi kumpa dawa ya kulegeza kizazi.

Hapa ndipo mitishamba inapoingia, na tunaisema bila dharau kwa bibi zetu wa Usukuma na Ukerewe, ambao wengi wao wanazijua dawa zao. Shida ni kwamba zipo zinazokaza kizazi kweli, na kikombe hakina mikrogramu. Mkunga anaongeza matone akifuata anachokiona, kumbe kizazi kinasukumwa na mikono miwili. Kama mama alikunywa kitu nyumbani, aseme kabla ya kidonge cha kwanza. Na mkunga atakayemkaripia kwa kusema ukweli huo anakosea, maana anawafundisha wanaofuata kuficha.

Lingine la kusema mapema ni upasuaji wa nyuma. Mimba ya kwanza haimaanishi kizazi kisicho na kovu. Aliyewahi kutolewa uvimbe kwenye kizazi ana kovu, na misoprostoli kwake ni hatari ya kizazi kupasuka. Wengine hulificha kwa kuwa mume hajui. Mwambieni mkunga mkiwa wawili tu.

Je, kuanzishiwa kunaleta kisu? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, wenye wanawake zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza wasio na tatizo, uliwaanzishia nusu yao uchungu wiki ya 39. Waliofanyiwa upasuaji walikuwa asilimia 18.6, na kwa waliosubiri asilimia 22.2. Hatuutumii kusema kila mtu aanzishiwe wiki ya 39 hapa kwetu. Wale walikuwa na mashine za kufuatilia mtoto na wauguzi wa kutosha. Ila unaondoa imani kwamba kidonge ndicho kinachompeleka mtu mezani. Mara nyingi kinachompeleka ni kukata tamaa mapema. Mama na mtoto wakiwa salama, dozi za siku ya kwanza zisipofungua njia, mama anaweza kupumzika, akala, akalala, kisha njia nyingine ikajaribiwa. Chupa ikishapasuliwa, dripu hupewa angalau saa 12 hadi 18 kabla ya kusema imeshindikana. WHO lenyewe linasema kushindikana kwa jaribio si lazima kuishie kwenye upasuaji.

Vipo vitu visivyosubiri saa hizo: mapigo ya mtoto kushuka na kukaa chini, damu mbichi ukeni, maji ya kijani mazito yenye mapigo mabaya, presha 160/110, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Hapo daktari akisema kisu, kidole gumba kiwekwe kwenye fomu na mjadala wa ukoo uendelee baadaye.

Maumivu tusiyapunguze kwa maneno. Uchungu wa dripu hauna ngazi ya kupandia taratibu kama ule unaokuja wenyewe. Unaweza kuwa mkali ndani ya saa moja. Ganzi ya mgongoni kwa uzazi wa kawaida ni adimu katika hospitali zetu. Kinachosaidia ni kutembea akiwa na dripu kwenye stendi yake, kuegemea kitanda, kukandwa kiunoni kwa kiganja wakati wa mkazo, kwenda haja ndogo kila saa 2 kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka, na kunywa uji mwepesi au chai isipokuwa akizuiwa. Msindikizaji awe mmoja anayejua kunyamaza. Wifi anayesimulia nani alifariki wodi gani abaki nyumbani.

Begi liwe la siku tatu: khanga au vitenge zaidi ya vinne, chupa ya chai, chaja, vifaa vya kujifungulia alivyoambiwa kliniki, na majina ya watu wawili walio tayari kutoa damu. Kundi la damu na wingi wa damu vipimwe kabla. Kanda yetu ina siko seli nyingi. Anayeijua hali yake aitaje.

Uchungu hauanzishwi zahanati. Unaanzishwa mahali penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana. Kwa wa Sengerema na Buchosa, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 rufaa ya kuja Mwanza haingoji tena kivuko. Kwa wa Kome, Maisome na Ukara maji bado yapo palepale. Mzazi wa kwanza wa visiwani avuke mapema, wiki ya 39 au 40, akae kwa ndugu karibu na hospitali au kwenye chumba cha mama ngojea kama kipo, kuliko kuvuka wiki ya 41 ziwa likiwa na mawimbi. Dharura ikitokea kabla, namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, hupigwa bure.

Mtoto akitoka kazi haijaisha. Kizazi kilichosukumwa kwa saa nyingi huchoka, na kikichoka hakijikazi, kikivuja damu. Ndani ya dakika moja baada ya mtoto mama hupewa sindano ya oksitosini uniti 10 kwenye msuli, na mkunga hugusa tumbo kila dakika 15 kuona kama kizazi ni kigumu. Mama naye afundishwe kukigusa: kinatakiwa kiwe mpira mgumu chini ya kitovu. Kikiwa laini, akisugue na kuita. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya muda mfupi, au akihisi kizunguzungu akikaa, isingojwe zamu ya asubuhi. Akae hospitali saa 24, hata kama nyumbani wali wa sherehe umeshaiva.

Wakunga wa leba,
Mwanza